Theodor Bilharz, Daktari Aliyemkuta Mdudu wa Kichocho Ndani ya Damu

Wengi wetu tuliolelewa vijijini huku Pwani tulijua kuogelea kwenye bwawa kabla ya kujua kuogelea baharini. Mvua za mwaka zikishanyesha na vidimbwi vikijaa, watoto wa chuoni na wa skuli huko ndiko tulikopotelea mchana kutwa, na mama zetu huko huko ndiko walikofulia nguo na kuteka maji. Na katika kila rika hakukosekana mvulana mmoja au wawili ambao mkojo wao ulimalizikia kwa matone mekundu. Hakuna aliyeshtuka. Wakubwa wengine walisema ni joto la mwili, wengine wakasema kijana anakua huyo, na sisi wadogo, nakiri, tulimwonea wivu kidogo.

Ndugu msomaji, mtu wa kwanza aliyekaa na jambo hili hadi akapata kiini chake alikuwa kijana wa miaka 26, mgeni katika mji wa Cairo, hata mwaka mmoja haujamtimia vizuri nchini Misri. Jina lake Theodor Bilharz. Sisi twauita ugonjwa ule kichocho, lakini kwa Waarabu, Wazungu na Waafrika wengi hadi leo unaitwa kwa jina la daktari huyu, nao wengi wanaolitamka hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu. Nimeona si vibaya tukamjua, kwa sababu mdudu aliyemkuta yeye bado yumo katika maji yetu.

Alizaliwa tarehe 23 Machi 1825 katika mji mdogo wa Sigmaringen, kusini mwa nchi ambayo leo ni Ujerumani. Wakati ule Ujerumani kama dola moja haikuwapo. Palikuwa na falme na himaya ndogo ndogo, na Sigmaringen ulikuwa makao ya mojawapo ya himaya hizo. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya mtawala wa pale, mama yake alitoka upande wa Uswisi. Theodor alikuwa kifungua mimba, na nyuma yake walifuata wadogo wengi. Mmoja wao, Alfons, naye alikuja kuwa daktari na mwandishi wa falsafa.

Tangu utotoni alipenda wadudu na viumbe vidogo. Mwaka 1843 aliingia chuo kikuu cha Freiburg, akasoma kwanza falsafa na elimu za jumla kama ilivyokuwa desturi, kisha akahamia Tübingen kusomea udaktari. Huko ndiko alikoandika kazi yake ya kwanza ya maana, na wala haikuhusu binadamu. Chuo kilitoa shindano la insha, naye akaandika juu ya damu ya viumbe wasio na uti wa mgongo: konokono, minyoo, wadudu na wenzao. Akashinda. Damu, konokono na minyoo: ukitazama maisha yake yote yalivyokwenda baadaye utadhani mtu alimpangia masomo kwa makusudi.

Watu wawili walimfungulia njia. Wa kwanza ni Carl Theodor von Siebold, mtaalamu mkubwa wa elimu ya wanyama, hasa wale wanaoishi ndani ya miili ya wengine. Kwake Bilharz alijifunza namna ya kutazama kwa hadubini na, la maana zaidi, namna ya kutilia shaka anachokiona. Wa pili ni daktari Wilhelm Griesinger, ambaye baadaye alipata sifa kubwa Zürich na Berlin kwa kusisitiza kwamba magonjwa ya akili ni magonjwa ya ubongo. Mwaka 1850 Griesinger aliitwa Misri awe daktari wa mtawala, Abbas Pasha, na msimamizi wa shule ya udaktari. Alihitaji msaidizi. Akamchukua Bilharz.

Shule yenyewe ni Kasr el-Aini, ambayo jina lake wasomaji waliosoma Misri walijua vyema kwa sababu hospitali yake ipo mpaka leo. Iliasisiwa mwaka 1827 huko Abu Zaabal, nje ya Cairo, wakati wa Muhammad Ali Pasha, na mwasisi wake alikuwa Mfaransa, Antoine Clot, aliyepewa cheo akaitwa Clot Bey. Mwaka 1837 ikahamishiwa Kasr el-Aini, kando ya Nile. Vitabu vya udaktari vilitafsiriwa kwa Kiarabu ili vijana wa Kimisri wasome kwa lugha yao, jambo ambalo mpaka leo sisi twalizungumza tu kuhusu Kiswahili. Kupasua maiti kwa ajili ya masomo kulizusha ubishi mkali mwanzoni, lakini kufikia zama za Bilharz ilikuwa kazi ya kila siku. Na maiti hawakukosekana. Walikuwa askari wa kawaida, wakulima walioletwa kufanya kazi, maskini waliofia hospitalini bila jamaa wa kuwachukua.

Hapo ndipo alipoanza kazi. Ulaya daktari kijana angeweza kungoja miaka kumi kuona minyoo ambayo Cairo aliiona kwa wiki moja. Mapema mwaka 1851, akipasua maiti, alichunguza damu iliyomo katika mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, akakuta humo vijiminyoo vyeupe vyembamba. Kwa macho alidhani ni minyoo ya mviringo ya aina iliyozoeleka. Alipoviweka chini ya hadubini aliona mambo mengine kabisa. Mwili wa mbele ulikuwa bapa na una vinyonyeo viwili, na sehemu ya nyuma imejikunja kingo zake zikafanya mfereji. Na ndani ya mfereji ule, tena, palikuwa na mnyoo mwingine, mwembamba kama uzi.

Alitazama na kutazama tena hadi akaelewa. Yule mnene ni dume, na yule mwembamba ni jike, na dume amembeba jike mwilini mwake kama mama alivyomfunga mtoto kwa mbeleko. Minyoo bapa wengine waliojulikana wakati ule walikuwa na uume na uke katika mwili mmoja. Huyu alikuwa tofauti: mume na mke mbali mbali, wanaoishi pamoja ndani ya damu ya mtu aliye hai. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilikitua kitabu chini nikakaa kimya kitambo. Wadudu hawa huishi miaka mitatu hadi mitano, na wengine zaidi sana, wamekumbatiana muda wote huo, na jike akitaga mayai kila siku.

Bilharz hakukimbilia kutangaza. Alimwandikia barua mwalimu wake von Siebold, ambaye wakati huo alikuwa Breslau. Barua maarufu ni ile ya tarehe 1 Mei 1851. Ndani yake alimweleza mnyoo huyo na kumpa jina la Distomum haematobium, maana yake mwenye midomo miwili anayeishi katika damu. Zikafuata nyingine. Katika barua hizo alieleza pia minyoo wengine wawili ambao sayansi haikuwa imewajua: tegu mdogo kuliko wote wanaompata binadamu, na mnyoo bapa mdogo sana aliyemkuta kwenye matumbo ya maiti ya mvulana. Minyoo watatu wapya katika mwaka mmoja, na kila mmoja bado anasomeshwa katika vyuo vya udaktari leo.

Von Siebold alifanya jambo ambalo si kila mwalimu hulifanya. Alizichukua barua za mwanafunzi wake, akazitia maelezo yake machache, akazichapisha kwa jina la mwenyewe Bilharz katika jarida la elimu ya wanyama alilokuwa akilihariri. Makala hayo yalianza kutoka mwaka 1852. Kwa hiyo maandishi yaliyompa Bilharz nafasi yake katika historia kwa asili ni barua za kijana aliye mbali na kwao akimsimulia ustadhi wake mambo aliyoyaona kazini.

Lakini mnyoo kwenye mshipa wa ini ni nusu ya kisa. Nusu ya pili ni mkojo wa damu. Ugonjwa huu Misri ulikuwa wa tangu na tangu. Askari wa Napoleon walioingia nchini mwaka 1798 walikojoa damu kwa wingi, na daktari wao mmoja, Renoult, aliuandika mwaka 1808 akidhani sababu ni joto, jasho na uchovu. Joto la mwili, kama walivyosema wazee wetu! Bilharz yeye alivipasua vibofu vya waliokufa. Katika ukuta wa ndani wa kibofu alikuta uvimbe mdogo mdogo, vidonda, vinyama vilivyoota kama uyoga, na mahali pengine ukuta umekakamaa na kukwaruza kama umepakwa mchanga. Alipovitazama kwa hadubini aliona mayai yale yale ya yule mnyoo wa damuni, maelfu kwa maelfu, yamekwama ndani ya nyama. Na katika mishipa midogo inayozunguka kibofu aliwakuta wenye mayai.

Hivyo akaunganisha. Mnyoo huishi katika mishipa, jike hutaga mayai karibu na kibofu, mayai yana mwiba nayo hutoboa ukuta ili yatoke na mkojo, na damu hutoka njia hiyo hiyo. Yale yasiyopata kutoka hubaki ndani, mwili ukapigana nayo, na mapigano hayo ndiyo maradhi yenyewe. Makala yake ya mwaka 1856, yaliyochapishwa katika jarida la udaktari la Vienna, yalihusu hasa jambo hili: uhusiano wa mnyoo na madhara yanayoonekana katika viungo vya mkojo. Kwa maoni yangu hayo ndiyo maandishi yake mazito kuliko yote, ingawa watu hutaja zaidi barua ya 1851. Kumwona mdudu ni jicho. Kuonyesha kwamba mdudu fulani ndiye chanzo cha ugonjwa fulani, wakati madaktari wengi wa Ulaya walikuwa bado wakilaumu hewa mbaya, kulihitaji ujasiri. Louis Pasteur na Robert Koch walikuwa hawajaanza kazi zao zilizowapa majina.

Griesinger naye alichangia. Alirudi Ulaya mwaka 1852, na miaka miwili baadaye alichapisha hesabu za Cairo: kati ya maiti 363 zilizochunguzwa, 117 zilikuwa na ugonjwa huu. Karibu mtu mmoja katika kila watatu. Msomaji atakumbuka hesabu hiyo nikifika kwetu.

Bilharz yeye alibaki. Mwenzake na mwalimu wake ameondoka, mtawala Abbas Pasha akauawa mwaka 1854 na Said Pasha akashika nafasi yake, shule ikayumba, walimu wa Kizungu wakagombania vyeo na Wafaransa na Wajerumani wakaoneana kijicho. Yeye aliendelea kutibu na kufundisha. Alikuwa daktari mkuu hospitalini, kisha mwaka 1855 profesa wa tiba, na mwaka 1856 profesa wa elimu ya viungo vya mwili. Alijifunza Kiarabu. Hakuoa.

Mwaka 1857 alitoa kitabu chake kikubwa, na hakikuhusu kichocho hata kidogo. Kilihusu kambare wa umeme wa Mto Nile. Wamisri humwita samaki huyu raad, neno lenye asili moja na radi yetu, na aliyewahi kumshika atakwambia kwa nini. Bilharz alikichambua kiungo kinachotoa umeme, akaonyesha kwamba kila upande wa samaki unaendeshwa na uzi mmoja tu wa neva unaotoka kwenye chembe moja kubwa ya neva. Wataalamu wa neva walilisifu sana jambo hilo. Inawezekana kabisa kwamba yeye mwenyewe alikiona kitabu cha kambare kuwa ndicho kazi ya maisha yake, na ile ya kibofu akaiona ni jambo la barua tu.

Kuna upande wa maisha yake ambao si mzuri kuusimulia, nami sitauruka. Kama wasomi wengi wa Kizungu wa karne ile, Bilharz alikusanya mafuvu ya watu. Alipokufa aliacha mkusanyo wa mafuvu ya watu wa Afrika ya kaskazini mashariki, ambao ulipelekwa Freiburg, na profesa Alexander Ecker akauandikia kitabu mwaka 1866. Watu hao hawakuulizwa. Wengine lazima walikuwa wale wale waliofia katika vitanda vya Kasr el-Aini, au askari na watumwa walioletwa kutoka upande wa Sudan. Na hata yule maiti wa kwanza ambaye ndani ya mshipa wake mnyoo alionekana, hatumjui jina. Ugonjwa ulipewa jina la aliyetazama, na aliyeugua akazikwa bila kutajwa. Nasema hivi bila ya kumvunjia heshima Bilharz kama daktari. Mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili.

Mwaka 1862 mtawala mmoja wa Kijerumani, Ernst wa pili wa Saxe-Coburg na Gotha, ambaye ni kaka wa Albert mume wa Malkia Victoria wa Uingereza, alifunga safari ya kuwinda na kutalii kwenye Bahari ya Sham hadi Massawa na nyanda za Uhabeshi. Alikwenda na mkewe na kundi la wasomi, akiwamo mtaalamu wa wanyama Alfred Brehm. Bilharz aliombwa afuatane nao kama daktari. Huko njiani watu waliugua, naye aliwauguza, na akarudi Cairo na homa kali ya taifasi. Alifariki dunia tarehe 9 Mei 1862, akazikwa huko huko Cairo. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Ukiziweka kazi zake zote mezani hazijazi mkoba. Barua zilizochapishwa, makala machache, kitabu kimoja cha samaki. Siku hizi daktari wa chuo kikuu huulizwa amechapisha makala mangapi mwaka huu, na wako wenye makala mia mbili za mambo ya kibofu na figo ambazo hakuna anayezikumbuka. Bilharz asingepandishwa cheo leo.

Alivyoacha maswali ni vingi kama alivyoacha majibu. Hakujua mnyoo aliingiaje mwilini. Pia katika maiti zake aliona mayai ya namna mbili, mengine yana mwiba mwishoni, mengine yana mwiba ubavuni, akadhani ni ya mnyoo mmoja. Kosa hilo dogo lilizua ubishi wa zaidi ya miaka 60. Watu wakubwa waligombana. Arthur Looss, Mjerumani mwingine wa Cairo na mtu mwenye kuheshimika mno, alishikilia kwamba mdudu hutoka kwa mtu na kuingia kwa mtu mwingine moja kwa moja, bila ya kupita kwa kiumbe mwingine. Alikosea. Mwaka 1913 Wajapani wawili, Miyairi na Suzuki, walionyesha kwamba mnyoo wa aina ya kwao hukulia ndani ya konokono. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper akatumwa Misri, kwa kuwa askari wa vita vikuu walikuwa wanaugua, naye akawakamata konokono wa mifereji karibu na Cairo na kumaliza ubishi. Minyoo ni aina mbili. Wa mwiba wa mwishoni hupita kwa konokono wa aina moja na hushambulia kibofu. Wa mwiba wa ubavuni hupita kwa konokono wa aina nyingine na hushambulia matumbo na ini.

Hivi sasa twaujua mzunguko wote. Mtu mwenye kichocho anakojoa majini au karibu na maji. Yai linapasuka, kijidudu kinaogelea kumtafuta konokono, kinazaana ndani yake, kisha vinatoka vijidudu vingine kwa maelfu, hasa jua likiwa kali mchana. Mtu akitia mguu, vinapenya ngozi nzima, bila kidonda wala tundu. Baada ya wiki kadhaa vimekua, vimepata wenza, vimefika kwenye mishipa ya kibofu. Na wala si ugonjwa mpya: mwaka 1910 daktari Marc Armand Ruffer alikuta mayai hayo katika figo za maiti mbili za Misri ya kale zilizokaushwa zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita.

Kwetu Pwani mdudu wa Bilharz ndiye huyu wa kibofu hasa. Kwale, Kilifi, Tana River: popote palipo na kidimbwi, kijito kinachokwenda polepole, mtaro wa kumwagilia au shamba la mpunga, na konokono wake wapo. Msambweni watafiti wamekuwa wakiufuatilia ugonjwa huu kwa miongo kadhaa, na yaliyopatikana hapo yamesomwa dunia nzima. Zamani katika baadhi ya vijiji kumpata mtoto wa skuli asiye nao ndiko kulikokuwa kugumu. Hesabu ya Griesinger ya mmoja kwa watatu hapo ingeonekana nafuu. Wenzetu wa Unguja na Pemba wamepigana nao kwa muda mrefu na wameupunguza sana. Na maji ya kumwagilia, ambayo ndiyo riziki, ndiyo pia yanayomlea konokono. Misri ilijifunza hivyo ilipobadilisha kilimo cha kungoja mafuriko ya Nile kikawa cha mifereji yenye maji mwaka mzima.

Madhara yake si matone yale tu tuliyoyaonea wivu. Mtoto hukosa damu na nguvu za kusoma. Mtu mzima hupata mirija ya mkojo iliyoziba na figo zilizovimba. Na miaka ikipita, saratani ya kibofu. Madaktari wa Misri walianza kuutambua uhusiano huo zaidi ya miaka mia iliyopita, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kumweka mdudu huyu katika orodha ya visababishi vya saratani visivyo na shaka.

Kuna jambo jingine ambalo kwetu husemwa kwa kunong'ona. Mayai haya hukwama pia katika viungo vya uzazi vya wanawake. Mwaka 1899, huko huko Cairo, daktari mpasuaji Frank Cole Madden alilieleza jambo hilo kwa maandishi. Namjua mama mmoja, nimwite mama mkubwa kwa heshima, ambaye kwa miaka mingi alitokwa na damu na maumivu, akazunguka zahanati hadi zahanati, na kila alipokwenda alipewa dawa za magonjwa ya zinaa na kuangaliwa kwa jicho baya. Mumewe alimwacha. Mtoto hakupata tena. Alipokuja kupimwa na mtu aliyejua cha kutafuta, ikaonekana ni kichocho cha utotoni, cha kuteka maji na kufua. Hakuwa amefanya baya lolote. Wako wangapi kama yeye, ambao majirani wameshawahukumu?

Dawa ipo. Haikuwapo zama za Bilharz. Yeye aliwaona wagonjwa wake wakifa akiwa anajua wana nini. Mwaka 1918 daktari Christopherson wa Khartoum alitangaza sindano za antimoni, ambazo zilimwua mdudu na mara nyingine karibu zimwue mgonjwa. Misri ilizitumia kwa miongo kwa mamilioni ya watu, na kwa kuwa sindano zilirudiwa bila kuchemshwa vizuri, zikasambaza ugonjwa wa ini wa hepataitisi C ambao nchi ile imeupigania mpaka karne hii. Tangu miaka ya 1970 tuna vidonge vya prazikwanteli, hunywewa siku moja, na wale wanaovigawa skulini humpima mtoto urefu kwa fimbo iliyotiwa alama ili kujua avimeze vingapi. Vinamwua mdudu mkubwa. Havimkingi mtoto akirudi bwawani kesho yake.

Jina la Bilharz limepata safari ya ajabu. Mwaka 1856 Mjerumani mwenzake, Meckel von Hemsbach, alipendekeza mnyoo aitwe Bilharzia. Mwaka 1858 mwingine, Weinland, akampa jina la Schistosoma, na baada ya mabishano marefu hilo ndilo wataalamu walilolikubali. Kwa hiyo mnyoo akapokonywa jina la aliyemvumbua, ugonjwa ukabaki nalo. Askari wa Kiingereza kule Misri, inasemekana, walishindwa kulitamka wakawa wanasema Bill Harris. Taasisi ya utafiti ya Giza imeitwa kwa jina lake, na juu mwezini lipo shimo moja lenye jina lake pia.

Anayetaka kujua kama anacho au mtoto wake anacho, apeleke mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana huo ndio wakati mayai hutoka kwa wingi, na mtoto aruke ruke au akimbie kidogo kwanza. Yale matone ya mwisho yasimwagwe, ndiyo yenye kitu. Mpimaji atauchuja au kuuacha utuame, atatia tone chini ya hadubini, na akiliona litakuwa ni yai lililochongoka, lina mwiba mmoja mwishoni, vile vile lilivyoonekana Kasr el-Aini mwaka 1851.